Ukuta B, Chumba Namba Saba

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka mpangaji alirudishe jengo katika hali ile ile aliyolikuta nayo mkataba ulipoanza. Inamwondolea lawama ya uchakavu wa kawaida, ya radi na dhoruba, ya moto au mafuriko ambayo hayakutokana na uzembe wake. Hali yenyewe ilikuwa ipi, hilo sheria haikuweza kulisema. Katika lojing'i moja kando ya barabara ya Garissa mjini Mwingi, vyumba 22 juu na hoteli ya chakula chini, swali hilo aliachiwa mwanamke mwenye tochi, futi ya chuma, ndoo na daftari la jalada gumu.

Wakili aliyemtafuta huiita kazi hiyo orodha ya hali ya jengo. Mwanamke mwenyewe, ambaye wote humwita Mama, husema anakwenda "kuandika nyumba". Zamani alikuwa msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli za pwani ya Mombasa, akiingia chumbani mara tu mgeni akitoka na kujua kwa kutupa jicho tu ni kitu gani kimehama. Jicho hilo bado analo, ila halitegemei. Kila kitu anakipima.

Mwenye jengo ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo kila mtu anamwita Mwalimu. Mpangaji ametoka Garissa, anataka mahali pa kulaza na kulisha wasafiri wa barabara hiyo. Yeye ni Hajji. Mkataba wao ni wa miaka mitano na miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu haikuja kwa bahati. Sura ya 301 ya sheria za Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1965, inailinda hoteli inayoweza kulaza watu wazima watano au zaidi kwa malipo, ikiwa upangaji wake haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Hapo mwenye nyumba hamtoi mpangaji bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za nyumba za biashara. Mawakili wamezoea kuuvusha mkataba mstari huo wa miaka mitano. Ukishavuka, pande zote mbili hutegemea zaidi yale waliyoyaandika wenyewe.

Sharti la kwanza la Mama lilimkera Mwalimu kidogo. Mzee alikuwa amekwisha kununua rangi, ndoo zimepangwa chini ya ngazi, akitaka jengo lipendeze kabla ya kuandikwa.

"Mwalimu, rangi mbichi huficha," alimwambia. "Wacha kwanza niione nyumba vile iko. Ukishapaka nitarudi niandike rangi mpya, na sitakulipisha."

Ndoo zikafungiwa stoo.

Huanza juu ya paa, alfajiri, kabla mabati hayajashika moto. Hukanyaga kwenye mistari ya misumari peke yake, kwa kuwa chini yake ndipo zilipo mbao. Akikanyaga katikati, bati hubonyea na yeye ndiye atakayekuwa ameacha kasoro. Alihesabu misumari iliyopoteza mipira, akaandika mstari wa ngapi kutoka kwenye mtaro. Msimu ulikuwa wa kiangazi, mvua za Oktoba bado ziko mbali, kwa hiyo kuvuja hakukuweza kuonekana moja kwa moja. Alikusanya dalili tu: kutu imeanzia wapi, tope limelala upande gani wa mtaro wa bati, majani ya mwaka gani yamekwama kwenye shingo ya bomba. Dalili hizo angezitafuta tena chini, kwenye dari, na kuziunganisha.

Matangi nayo yako huko juu, na Mwingi tangi ni moyo wa lojing'i. Maji mengi ya mji hutoka Kiambere, kwenye bwawa la Mto Tana, yakisukumwa kwa mabomba, na kuna siku mifereji hukauka. Visima virefu vipo, ila maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi. Alifunga koki zote, akatumbukiza ufito mrefu ndani ya kila tangi, akaweka alama palipofika maji. Jioni alirudi na ufito ule ule. Tangi moja lilikuwa limeshuka kwa upana wa kidole, na koki zilikuwa zimefungwa. Hakuandika kwamba linavuja. Aliandika kina cha asubuhi, kina cha jioni, saa zote mbili, na kwamba sakafu chini ya tangi ilikuwa kavu.

Nilimfuata chumba kwa chumba, na chumba namba 7 ndicho kilichonifundisha anafanya nini hasa.

Alisimama kizingitini bila kuingia. Ukuta wenye mlango aliuita A, wa mkono wake wa kushoto B, ulio mbele yake C, wa kulia D. Dari ni E na sakafu ni F. Mpangilio huo haubadiliki katika jengo zima, hata kwenye stoo, hata chooni. Atakayekuja na karatasi hizo miaka mitano baadaye, na ambaye hajawahi kumwona, atasimama kwenye kizingiti hicho hicho na kuipata kasoro bila kuuliza mtu. Binti wa chuo anayemsaidia alipiga picha ya chumba kizima kutoka pembe mbili, kisha akasubiri. Picha za karibu hazipigwi mpaka Mama ataje namba ya aya zitakayoambatana nayo. Nimeona watu wakitembea na simu ndani ya nyumba ya kukodi wakipiga picha mia mbili kwa dakika kumi, na baadaye hakuna anayejua ukuta ule ulikuwa wa chumba gani.

Akavuta pazia, akazima taa. Akaiweka tochi ukutani kabisa, kioo chake kikigusa plasta, mwanga ukalala juu ya ukuta badala ya kuupiga usoni. Ukuta B, uliokuwa laini kabisa dakika moja kabla, ulitoa kila kitu: michirizi ya brashi, uvimbe mahali soketi ya zamani ilipozibwa, na kiraka cha mraba ambacho hakuna aliyekuwa na habari nacho. Kutoka pembe ya juu, ufa mwembamba ulishuka kwa mshazari kuelekea kiraka hicho.

Hapo alikaa sana. Alipima urefu wa ufa kwa kamba, akiilaza kamba juu ya kila kona yake, kisha akainyoosha kamba kwenye futi: sentimita 118. Upana aliupima kwa kadi ya plastiki yenye mistari ya unene mbalimbali, akiisogeza mpaka mstari ukalingana na ufa: nusu milimita juu, milimita moja na nusu chini. Kisha akachukua kioo cha kukuza na kutazama ndani ya ufa. Rangi ilikuwa imeingia humo na kukauka kwenye kingo. Ufa, basi, ulikuwapo kabla ya ukuta kupakwa rangi mara ya mwisho. Akatoka, akaingia chumba namba 8, akautazama ukuta huo huo kwa upande wa pili kwa tochi ile ile iliyolazwa. Upande huo haukuwa na kitu.

Mwalimu na Hajji walikuwa wamefika mlangoni kwa wakati huo. Mwalimu alisema jambo kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, ili Hajji asikie. Ndivyo afanyavyo siku zote. Hana mazungumzo na upande mmoja.

"Hiyo ni plasta tu," Mwalimu akarudia, sasa kwa Kiswahili. "Andika nyufa ndogo za kawaida."

"Kawaida ya nani, Mwalimu?" Hajji akauliza. "Huu ukuta unaachana. Mama, andika ukuta ni mbovu."

Hakumpinga yeyote. Aliwasomea alichokwisha kuandika: unapoanzia, unapoishia, urefu, upana wa juu na wa chini, rangi iliyokauka ndani ya kingo, na upande wa pili usio na ufa. Akachora kwa penseli kistari kifupi kwenye ncha ya ufa, kando yake akaandika tarehe. Ufa ukikua, utavuka kistari. Mwalimu alivaa miwani, akainama, akasoma tarehe. Hajji naye akainama. Maneno "ndogo" na "mbovu" hayakuingia daftarini, na hakuna aliyeyaulizia tena.

Dari ilikuwa na doa la rangi ya chai, juu ya dirisha. Aliligusa kwa mgongo wa mkono, likawa kavu. Alilizungushia mstari wa penseli kufuata ukingo wake na kupima sehemu pana na sehemu nyembamba. Doa lilikuwa na pete tatu, moja ndani ya nyingine, maana lililowa, likakauka, likalowa tena, si mara moja. Akafunua kurasa za paa, akatafuta misumari iliyopoteza mipira, akaandika namba ya aya ile kando ya hii.

Sakafu aliigonga kwa sarafu ya shilingi ishirini, kigae kwa kigae, amepiga magoti, sikio limeinama kama la mnunuzi anayegonga tikiti maji sokoni. Kigae kilichoshikwa vizuri na saruji hutoa sauti fupi na ngumu. Kilicho na uwazi chini yake hutoa sauti pana. Vitano vilikuwa na uwazi. Kwa macho havikuwa na tofauti yoyote na vingine, na mguu wa kitanda kizito ungeweza kuvivunja katika wiki ya kwanza ya Hajji. Binti akavitia alama kwenye mchoro wa sakafu. Fremu ya mlango nayo iligongwa kwa mpini wa bisibisi, kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa mchwa wa Mwingi huanzia chini na hula mbao huku rangi ya nje ikibaki inang'aa. Bawaba tatu, skrubu ngapi kila moja, moja imekosa skrubu. Kitasa, funguo mbili, zote zinageuka. Komeo la ndani limepinda lakini linafunga.

Kitanda alikiandika baada ya kukilalia. Hilo alilifanya bila kuona haya, viatu ameviacha mlangoni, akajigeuza kulia na kushoto kusikiliza mbao. Kisha akaondoa shuka, akalaza ufito juu ya godoro kutoka ukingo hadi ukingo na kupima pengo katikati: sentimita nne. Godoro likageuzwa, upande wa pili ukapimwa nao. Kunguni aliwatafuta kwenye mishono, kwa ncha ya kadi.

Bafuni ndipo ndoo ilipotumika. Alifungua koki yote, akahesabu kwa saa ndoo ya lita kumi inajaa baada ya muda gani, kwanza mfereji wa chini, kisha shawa. Ule mfereji wa chini, kando ya choo, Hajji aliutazama kwa makini kuliko vyote, kwani wageni wake wengi watautaka kabla ya kuswali. Shawa ya stima ilitoa maji kwa upande mmoja tu. Matundu mengine yalikuwa yamezibwa na ukoko mweupe wa chumvi. Alihesabu matundu yanayopitisha maji na yasiyopitisha. Kazi hiyo ingeweza kuwa kichekesho, mtu mzima anahesabu matundu ya shawa, lakini nilikumbuka kwamba hita iliyozibwa huungua, na hita ikiungua mwaka wa pili swali litakuwa nani aliyeiua.

Kwenye tangi dogo la kuflashi alidondosha matone machache ya rangi ya keki, nyekundu, akafunika na kuendelea na mengine. Robo saa baadaye alirudi kutazama bakuli la choo. Maji yalikuwa na wekundu hafifu: mpira wa ndani haufungi vizuri, na maji yanapotea usiku na mchana bila sauti. Katika mji ambao maji hununuliwa kwa boza kiangazi kikizidi, mpira huo mmoja una bei. Mwisho akamwaga kikombe cha maji kwenye kona ya mbali ya sakafu, akasimama kuyatazama. Yalikwenda kwenye tundu, yakasita, mengine yakabaki kwenye kidimbwi cha ukubwa wa sahani. Akapima kidimbwi.

Vyumba vilivyobaki vilikwenda kwa utaratibu huo huo, wala sitavieleza. Jambo moja tu lilinishangaza: chumba cha mwisho kilipata muda ule ule uliopewa cha kwanza. Binti alikuwa ameanza kupiga miayo. Mama alimwambia, "Kaa kidogo, mwanangu, unywe maji," akasubiri mpaka msichana akarudi na macho yaliyoamka.

Jikoni alikuta mambo mengi ila rahisi, kwa sababu vyombo huhesabika. Sufuria kubwa za muthokoi ziliandikwa kwa kipenyo na unene wa kitako, majiko ya gesi kwa idadi ya macho yanayowaka, karai kwa mishikio. Friza aliijaribu kwa ukanda wa karatasi uliobanwa mlangoni: ukivutwa ukatoka kirahisi, mpira umechoka. Alizunguka mlango mzima hivyo, mahali kumi na mbili. Masizi ndani ya bomba la moshi aliyakwangua kwa rula kupata unene wake. Vizima moto vilisomwa sindano na tarehe ya kuhudumiwa mara ya mwisho. Meza na viti ambavyo Mwalimu alisema ni vya ndugu yake vilitolewa nje siku hiyo hiyo, kwani kitu kisicho cha mkataba hakilali ndani ya jengo linaloandikwa.

Ufaransa, tangu sheria ya Juni 2014, mkataba wa nyumba ya biashara huambatana na maandishi ya namna hii siku ya kuingia na siku ya kutoka, na mwenye nyumba asiyefanya bidii yaandikwe hupoteza haki ya kudhaniwa kwamba aliitoa nyumba ikiwa nzima. Kenya haijafika huko. Huku hutegemea wakili mwangalifu, au mpangaji aliyewahi kuungua. Kwa maoni yangu anayehitaji zaidi karatasi hizi ni mpangaji, ingawa kwa kawaida mwenye nyumba ndiye anayezilipia: kila kasoro iliyoandikwa siku ya kwanza ni kasoro ambayo hatadaiwa siku ya mwisho. Mwalimu alilielewa hilo mapema, na sifa yake ni kwamba hakumzuia Mama popote baada ya ule ukuta.

Maandishi yalipochapwa yalijaa kurasa nyingi, picha zimepachikwa zikiwa na rula ndogo ndani ya kila moja kuonyesha ukubwa. Walikutana jioni ya kuamkia siku ya mkataba, mezani, katika hoteli ya chini ambayo bado haikuwa na mteja. Mama aliwasomea yote kwa sauti. Alisoma bila mkazo, neno la ubovu na neno la uzima kwa sauti moja, na baada ya kila chumba alinyamaza ili anayetaka kupinga apinge. Mwalimu alipinga mara mbili. Walipanda ngazi wote, wakapima upya. Mara moja Mama alikuwa sahihi, mara moja ilikuwa bawaba ambayo fundi wa Mwalimu alikwisha kuitia skrubu tangu siku ya kuandika. Akaiongeza kwa kalamu, akaweka tarehe, wote wakatia saini pembeni. Kila ukurasa ulipata herufi za majina yao chini.

Kisha Hajji akaomba shawa zote zijaribiwe tena mbele yake. Hakukuwa na ubaya wowote katika ombi hilo, ila giza lilikuwa limeingia na vyumba ni 22. Mama alivaa viatu vyake, akachukua ndoo. Walipomaliza, wazee wawili walikuwa wamekaa chini wakinywa chai ya maziwa, wamechoka. Yeye alikwenda na tochi kwenye kisanduku cha mita, kwa sababu namba iliyokuwa kwenye ukurasa wa mwisho ilisomwa kabla ya shawa kuwashwa. Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika mpya juu yake, akawaletea watie saini. Tofauti ilikuwa yuniti kumi na moja. Akaziandika upande wa Mwalimu, kwa kuwa hadi saa sita usiku nyumba ilikuwa bado yake.